Vidonge vya kuweka ukeni: namna ya kuviweka vikafanya kazi, na habari ya chumbani mpaka dozi iishe

Dada aliyekuja kwenye dirisha langu la dawa Jumatatu alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Amenunua vidonge vya fangasi, amemaliza vyote sita, muwasho uko palepale. Nikamuuliza alivitumiaje. "Asubuhi, nikitoka kuoga, kabla sijaenda kwenye biashara." Anauza matunda, anasimama kutwa nzima. Dawa yote iliishia kwenye nguo ya ndani kabla ya saa nne.

Yeye si wa kwanza. Yupo aliyemeza kidonge kwa maji kama panadoli. Yupo aliyekiingiza na foili yake, akarudi analia kwa michubuko. Na wapo wengi, sitawahesabu, waliokutana na waume zao usiku uleule wa kidonge kisha wakasema dawa ni feki. Hakuna aliyekosa akili kati yao. Walipewa dawa kwa kunong'onezwa, foleni ikiwa nyuma, "utaweka huko chini usiku," basi. Leo tunasema kwa sauti.

Nitaongelea vidonge vya fangasi, hasa klotrimazoli, maana ndivyo vinavyouzwa zaidi. Kama umepewa vidonge vya projesteroni kwa ajili ya mimba, huo ni utaratibu mwingine kabisa. Fuata aliyekuandikia, wala usiviache kwa sababu ya chochote utakachosoma hapa.

## Kabla hujanunua: ni fangasi kweli?

Fangasi wa ukeni huwasha sana, huleta wekundu, na ute wake ni mweupe, mzito, kama maziwa mgando. Kwa kawaida haunuki. Wanawake wapatao 3 kati ya 4 hupata angalau mara moja maishani, kwa hiyo usijione una mkosi.

Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo la samaki, unaozidi baada ya tendo la ndoa, si fangasi. Hiyo ni bakteria iliyozidi, na klotrimazoli haiigusi. Ute wa njano au kijani wenye povu ni wa kupimwa, mara nyingi ni trikomona, na hiyo hutibiwa kwa vidonge vya kumeza, wewe na mwenzako.

Usijitibu, nenda kituo cha afya, kama ni mara yako ya kwanza kuona dalili hizi, kama una mimba, kama una homa au maumivu chini ya kitovu, kama unatoka damu isiyo ya hedhi, au kama una vidonda. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda amwambie mfamasia mapema: mikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, hata ya kuweka ukeni, inaweza kuongeza nguvu ya warfarini hadi mtu akavuja damu.

## Andaa vitu hivi

- Boksi la dawa lenye karatasi yake ya maelezo, tarehe ya mwisho haijapita.
- Sabuni na maji ya kunawa mikono.
- Kikombe cha maji safi.
- Pedi nyembamba au kitambaa safi, na nguo ya ndani ya pamba isiyobana.
- Kifaa cha plastiki cha kusukumia dawa, kama kimo kwenye boksi. Kisipokuwemo, kidole kinatosha.
- Kikata kucha. Hina haina neno, lakini kucha za kubandika zinakwaruza ndani, na penye fangasi ngozi imeshavimba. Bandua walau ya kidole kimoja.

Glavu si lazima. Mafuta ya nazi na vaselini viache kabatini.

## Hatua ya 1: Hesabu siku zako

Angalia hedhi yako inakuja lini, kisha angalia dozi ni usiku mingapi. Klotrimazoli ya mg 100 huwa usiku 6 au 7, ya mg 200 usiku 3, ya mg 500 usiku mmoja tu. Nistatini, nayo ni dawa ya fangasi, huenda hadi usiku 14. Anza siku ambayo utamaliza kabla ya damu, kwa sababu damu inaisafisha dawa na kuitoa nje.

Hedhi ikikukuta katikati ya dozi, muulize aliyekupa dawa. Zipo ambazo karatasi yake inasema endelea, zipo zinazosema subiri. Kwa vyovyote tumia pedi. Tamponi hunyonya dawa yote, na kikombe cha hedhi kinakaa palepale dawa inapotakiwa kukaa.

## Hatua ya 2: Jua una kidonge cha aina gani

Kibonyeze kikiwa bado ndani ya pakiti.

Kikiwa kigumu kama chaki, hicho ni kidonge kikavu. Kinahitaji unyevunyevu ili kiyeyuke. Kichovye kwenye kikombe cha maji sekunde chache, kilowe juu tu, kisha kiingize. Mama aliyekoma hedhi, au anayenyonyesha, mara nyingi ni mkavu ukeni na kidonge kama hiki kinaweza kutoka vipandevipande. Aombe krimu au kidonge laini.

Kikiwa laini kama cha nta au mafuta, kimetengenezwa kiyeyuke kwa joto la mwili. Sasa fikiria Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari: kinaanza kuyeyuka mkononi kabla hujakaa sawa. Kiweke na pakiti yake kwenye kikombe cha maji ya mtungi au kwenye friji dakika chache mpaka kikaze, ndipo ufungue. Usikigandishe kama barafu.

Na toa foili yote. Ukiona kitu kinang'aa, bado.

## Hatua ya 3: Nenda haja ndogo, nawa, fanya yote kitandani

Muda ni usiku, unapolala moja kwa moja. Si saa mbili jioni halafu ukarudi jikoni kugeuza chapati. Klotrimazoli haitibu kwa kupita, inatibu kwa kukaa, na mwili uliosimama hauikalishi.

Kojoa kwanza. Nawa mikono kwa sabuni. Huko chini osha nje tu, kwa maji matupu. Ndani usiingize sabuni, dettol, ndimu wala maji ya mwarobaini. Uke hujisafisha wenyewe, na kila unapousuuza unaondoa bakteria wazuri wanaouzuia kuvamiwa. Kitunguu saumu kinaunguza. Shabu ya kubana inakausha. Udi fukiza nguo na chumba, huko chini paache mpaka upone. Najua somo wako alikufundisha vingine; somo alikuwa anakuandalia harusi, mimi nakutibu muwasho.

Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani. Dawa yenyewe ni ya usiku, kwa hiyo iweke baada ya tarawehe unapokwenda kulala. Kuhusu twahara na dawa inayotoka asubuhi, muulize shekhe wako. Usiache dozi kwa kubuni jibu.

## Hatua ya 4: Kiweke, na kiende mbali

Hapa ndipo wengi hushindwa, tusiharakishe.

Lala chali, kunja magoti, panua miguu. Weka mto mdogo chini ya makalio ukipenda. Vuta pumzi, itoe taratibu. Ukijikaza, misuli inafunga mlango na utaumia bure.

Kwa kidole. Shika kidonge ncha ya mviringo itangulie. Kiingize, kisha kisukume kwa kidole cha kati. Usielekeze juu kitovuni. Njia ya uke imelala kwa kuinamia nyuma, kwa hiyo elekeza kidole mgongoni, upande wa kifandugu. Nenda mpaka kidole karibu chote kimeingia, au mpaka uguse kitu kigumu kidogo chenye mviringo, kama ncha ya pua yako. Huo ni mlango wa kizazi. Umefika.

Kwa kifaa cha plastiki. Vuta kijiti cha kusukumia nyuma. Chomeka kidonge kwenye mdomo wa kifaa kikae imara, ncha ya mviringo ikiwa nje. Ingiza kifaa taratibu mpaka kinapofika bila kuuma, sukuma kijiti hadi mwisho, toa kifaa kizima. Kiangalie: kama kidonge kimerudi nacho, rudia. Kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kama kinatumika tena, kikauke. Kama ni cha mara moja, kitupe kwenye taka, si chooni.

Mjamzito asitumie kifaa hicho isipokuwa mkunga au daktari amemwelekeza. Kidole safi ndicho salama kwake. Na kwa mjamzito hutumika zaidi dozi ya usiku 7, si flukonazoli ya kumeza, kwa hiyo asikubali kubadilishiwa kienyeji dukani.

Mwenye kitanzi anaweza kutumia vidonge hivi. Akigusa nyuzi zake asizivute.

Msichana ambaye hajawahi kuingiza kitu ukeni asijilazimishe. Zipo njia nyingine za kumtibu, aende kwa daktari.

Usiogope kwamba kitapotelea tumboni. Uke una mwisho. Tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno, kidonge hakipiti. Mtu akikwambia kimepanda mpaka kifuani, mwache aseme.

*Ukifanikiwa:* hukisikii kabisa. Kama unahisi kitu kinakukereketa mlangoni, kimekaa karibu. Kisukume tena.

## Hatua ya 5: Lala, na usishangae asubuhi

Weka pedi, zima taa. Ukiamka usiku kukojoa, kojoa. Mkojo una tundu lake, hautoi dawa.

Joto kidogo au kuwashwa kidogo usiku wa kwanza ni kawaida, dawa imegusa ngozi iliyochubuka. Lakini ukiunguzwa kiasi cha kushindwa kulala, ukivimba, au ukitoka vipele mwilini, acha dawa na urudi ulikoipata. Ukivimba uso au kubanwa pumzi, hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Asubuhi utaona majimaji meupe au unga kama chaki. Hayo ni mabaki ya kidonge, si dawa yote, na si ugonjwa unaotoka. Usikirudie kidonge. Kama kilidondoka kizimakizima dakika chache tu baada ya kukiweka, hapo weka kingine, kisha kesho tafuta kidonge cha kujazia kilichopungua kwenye boksi.

Ukisahau usiku mmoja, endelea usiku unaofuata na kimoja. Si viwili.

Na maliza. Siku ya tatu muwasho unapungua, mtu anaona amepona, vidonge vitatu vinawekwa kwenye droo "vya siku nyingine". Siku nyingine hiyo inakuja haraka.

## Chumbani: kwa nini usubiri

Jibu fupi: usikutane na mwenzako mpaka dozi iishe na dalili ziishe. Hilo ni pamoja na kunyonyana na kuingizana vidole. Sasa sababu, maana "daktari kakataza" haimtoshi mtu saa nne ya usiku.

Dawa inasukumwa, inapakwa, inatoka. Umeweka saa tatu, mkakutana saa nne: kilichobaki ndani si dozi.

Ngozi ya uke ikiwa na fangasi imevimba na ina mipasuko midogo usiyoiona. Msuguano unaichana zaidi, na mipasuko hiyo ni njia ya maambukizi mengine, virusi vya Ukimwi vikiwemo.

Mwenzako naye anaweza kuwashwa na dawa yenyewe, akatoka na wekundu, kisha mkaanza kutuhumiana.

Halafu kondomu. Hili halisemwi vya kutosha. Klotrimazoli, mikonazoli na vidonge vingi vyenye nta au mafuta huweza kudhoofisha mpira wa lateksi. Kwa macho kondomu ni nzima, lakini inapasuka kirahisi. Kwa hiyo "tutatumia kondomu" si jibu la usiku wa dawa. Hata baada ya kidonge cha mwisho, hesabu siku 5 kabla ya kuitegemea kondomu ya lateksi kuzuia mimba au magonjwa, au zaidi kama karatasi ya dawa yako inasema hivyo. Kondomu ya kike ya nitrili haidhuriwi na mafuta, lakini nayo usiivae dozi ikiendelea, itaisukuma dawa.

Waliopewa kidonge kimoja cha mg 500 ndio wanaojidanganya zaidi. Kimewekwa jana, kimeisha, leo tuendelee. Kidonge kimeisha kwenye boksi. Ndani bado kinafanya kazi kwa siku kama tatu. Subiri muwasho uishe kabisa na haja ndogo isikuchome. Kwa wengi hiyo ni ndani ya wiki.

Kumwambia mwenzako. Mwambie mchana, mkiwa mmetulia, si kitandani akiwa ameshakushika. Maneno mepesi yanatosha: "Baba Asha, nimepewa dawa ya fangasi ya usiku sita. Inakaa ndani, tukikutana inatoka na naanza upya kulipia. Tuvumilie mpaka Jumapili." Akiuliza umeitoa wapi, mwambie ukweli: fangasi hawa huishi mwilini kwa kawaida na huzidi baada ya antibayotiki, wakati wa mimba, au sukari ikipanda. Hawahesabiwi kama ugonjwa wa zinaa. Mtu asivunje nyumba kwa sababu ya kidonge cha klotrimazoli.

Je, naye atibiwe? Kwa fangasi, hapana, isipokuwa ana muwasho, wekundu au vipele kichwani mwa uume; hapo atapewa krimu yake. Kwa trikomona, kisonono na klamidia, wote wawili lazima mtibiwe, na msikutane mpaka wote mmemaliza. Kwa ile bakteria yenye shombo, mambo yanabadilika: utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 ulionyesha kwamba wanaume walipotibiwa pamoja na wenzao, ugonjwa ulirudi kwa wanawake 35 kati ya 100 ndani ya wiki 12, badala ya 63 pale alipotibiwa mwanamke peke yake. Kama yako inarudi kila mara, liulize hilo kliniki.

Mmeshakutana tayari? Hujajiua. Usijisuuze ndani. Endelea na kidonge cha usiku unaofuata, na ongea na mfamasia kama ilikuwa dozi ya kidonge kimoja. Lakini kama mlikuwa mnategemea kondomu na imepasuka, saa ndiyo inayohesabu: dawa ya kuzuia mimba ya dharura inywe mapema iwezekanavyo, na dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72. Usingoje Jumatatu.

## Ikishindikana

Unafuu huanza ndani ya siku 3. Siku ya 7 ikipita bado unawashwa, usinunue boksi la pili. Ama hukuwa na fangasi, ama ni aina isiyosikia dawa hiyo, na vyote viwili vinajulikana kwa kupimwa ute, si kwa kubadilisha rangi ya boksi.

Wakikurudia mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, omba upimwe sukari na VVU. Nimeona watu wakihangaika na vidonge miezi mingi kumbe sukari iko juu, na fangasi anakula karamu.

Ukirudi dirishani, njoo na boksi lenyewe hata kama ni tupu. Usije na "kile kidonge cheupe kirefu kidogo". Vyeupe virefu kidogo ninavyo rafu nzima.